Karatasi Iliyoandikwa Kombo

Wanaosema hasira hasara hawajawahi kukuta kazi yao ya miaka minane inaning'inia shingoni mwa mteja. Mimi nimekuta. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, hata mafuta sijatia kwenye cherehani, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amesimama katikati ya chumba changu cha kushonea, mikono juu, namzungushia futi kifuani. Alivaa mkufu wa shanga za karatasi, mrefu, wa mizunguko mitatu. Nikamwambia auvue, unanivurugia vipimo. Akacheka, akausogeza mgongoni. Nikainama nisome futi, na pale nyuma ya shingo yake nikaona mwandiko wangu.

Hayakuwa maneno kamili. Zilikuwa shanga za kahawia, kahawia ile ya mfuko wa saruji, zimepakwa vanishi mpaka zinang'aa. Kwenye ushanga mmoja kulikuwa na mkia wa herufi nyekundu. Kwenye mwingine kulikuwa na nusu ya namba saba, saba ninayoipiga mstari tumboni kama alivyonifundisha bibi aliyenifundisha kushona. Mtaa mzima hakuna mwingine anayeandika saba ya namna hiyo.

"Huu umeupata wapi, mwalimu?"

"Kwa mdogo wako, kwenye maonyesho yao pale ukumbini. Huwezi kuamini ni karatasi tu."

"Karatasi tu," nikasema.

"Hivi Kombo anakuja lini? Nasikia ndiye atakayesoma risala."

"Ijumaa," nikamjibu, na futi ikanidondoka.

Nikageuka kuangalia ukuta wa nyuma. Msumari wa mwisho, ule ulio karibu na dirisha, ulikuwa na koti tu. Nilikuwa nimetundika koti la mteja juu yake miezi kadhaa bila kugundua kwamba chini ya koti hakuna kitu.

Inabidi nieleze, maana asiyeshona ataona nalilia takataka. Fundi anayejiheshimu hakati kitambaa cha mtu kwa kukisia. Anakata karatasi kwanza: kipande cha mbele, cha nyuma, mkono, kola. Ile karatasi ndiyo mwili wa mteja ukiwa hayupo. Mimi natumia magazeti ya zamani, na kwa miili migumu natumia mifuko ya saruji, naikung'uta, naipangusa, naipiga pasi. Kila mteja wa kudumu ana msumari wake. Na juu ya kila karatasi naandika kwa kalamu nyekundu ni ya nani, ila siandiki majina. Majina yanafanana. Mtaani kwetu kuna wanawake sita wa jina moja, na hakuna wawili wanaolingana hata kiganja. Mimi naandika mwili: TUMBO MBELE. BEGA MOJA. KIUNO NYIGU. Huyo Tumbo Mbele mwenyewe anajua, na akiingia hunisalimia kwa kulipiga tumbo lake kama ngoma.

Ya msumari wa mwisho ilikuwa ya binti yangu. Mgongo wake ulianza kupinda akiwa na miaka kumi na mmoja, na tulipofika kwa daktari wa kueleweka, akasema tumechelewa kuunyoosha. Alipofika kumi na mitano nguo za dukani zikamkataa kabisa, zinapanda nyuma, zinaning'inia mbele. Nikamsimamisha juu ya kigoda siku tatu, uso ukutani, na gaguro tu mwilini, nikabandika mfuko wa saruji kwa pini, nikakata, nikabandua, nikabandika tena. Upande wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole vitatu, na begani nilitengeneza marinda madogo ambayo mpaka leo nayaonea fahari, kwa sababu mtu akiyatazama anaona mtindo, haoni mgongo. Siku ya tatu alilia bila sauti. Aliposhuka akasema, "Mama, hii iwe ya mwisho. Usinipime tena." Nikamwahidi. Nikaandika juu yake KOMBO, ili nisije nikaikunja katikati nikadhani pande zinalingana, nikaitundika.

Ahadi ile nimeitunza. Kila gauni alilovaa tangu siku ile limetoka kwenye karatasi ile. Akisema kwenye simu amenenepa, naongeza kidole. Akisema amekonda, napunguza. Sijamgusa kwa futi miaka minane.

Na sasa Jumamosi chuo chao kinatoa vyeti vya ufundi wa maabara. Ni chuo kidogo, hakina majoho, kila mhitimu anavaa nguo yake ya heshima. Yeye ndiye wa kwanza darasani. Atasimama jukwaani asome risala, wazazi mbele yake, wakubwa wote wamekaa nyuma yake, macho kwenye mgongo wake kwa dakika kumi nzima. Kitambaa kilikuwa mezani, bluu nzito, kisichozidi hata kipande cha kukosea. Karatasi ilikuwa shingoni mwa mwalimu mkuu. Ama nivunje ahadi nimpandishe tena kwenye kigoda, ama mwanangu apande jukwaani kavaa gunia.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliye fundi wa nguo nilipaswa kulijua hilo kabla ya wengine.

Mdogo wangu anafundisha kazi za mikono pale ukumbini, karibu na kituo cha zimamoto. Wanafunzi wake ni wanawake waliostaafu na wasio na ajira, wanalipa kidogo wanachoweza. Kwake hakuna kitu kinachotupwa. Chupa za maji anazikata ziwe vyungu vya maua. Trei za mayai zinalowekwa, zinapondwa, zinafinyangwa ziwe sahani za kuwekea funguo. Vizibo vya soda vinatobolewa na kuunganishwa kwa waya, unapata kitu cha kuwekea sufuria ya moto. Ndala iliyokatika anaichonga iwe muhuri wa kuchapia kitambaa. Mwaka juzi alitengeneza taa ya vijiko vya plastiki, mume wake akainuka usiku kwenda kunywa maji, ikamkwaruza sikio. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Basi mtu wa aina hiyo ukimwachia mlango wazi unajitakia, kwa hiyo tangu mwanzo tuliwekeana sheria: vilivyo sakafuni ni vyako, vilivyo msumarini ni vyangu. Anakuja na gunia lake kila wiki, anazoa vitambaa na karatasi, anaondoka. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosea.

Mwalimu mkuu nilimwacha pale pale, mikono bado juu. Baadaye aliniambia alisubiri robo saa.

Ukumbini walikuwa wamekaa kuzunguka meza mbili ndefu, wanawake kumi na wanne, nimewahesabu kwa sababu mbeleni itanibidi niwakumbuke. Katikati kulikuwa na sufuria ya gundi ya unga. Mdogo wangu alikuwa anawaonyesha: unakata karatasi pembe tatu ndefu, pana huku, nyembamba kule, unaanzia upande mpana, unaiviringisha kwenye njiti ya kibiriti, ncha inamalizia juu, unabandika. "Usiwe na haraka," alikuwa anasema, "ukiivuta sana inabanwa, ukiilegeza inafumuka." Nikauweka mkufu mbele yake. Ndiyo, nilimvua mwalimu mkuu.

"Hii nini?"

Akautazama. Akanitazama mimi. Nilimwona anabadilika uso, na nikasema moyoni, mwizi huyo.

"Shanga, dada."

"Ya nani karatasi?"

Akachovya kidole kwenye gundi.

"Nakuuliza ya nani karatasi. Miaka yote unazoa kwangu, nimewahi kukunyima? Gunia juu ya gunia. Ukakosa cha kukata mpaka ukakate mwili wa mwanangu?"

"Mimi sikuitoa msumarini, dada."

"Ilijitoa. Ilishuka kwa miguu yake, ikaja ikajikata pembe tatu."

Mwanamke mmoja akacheka kidogo, mwenzake akamfinya. Kile kicheko ndicho kilichonimaliza. Nilipandwa na mori mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimwambia kwamba maisha yake yote amekuwa akiokota vya wenzake. Kwamba nguo zake za shule zilikuwa zangu nilizopunguza, hata mume alimpata kwa sababu mimi nilimkataa. Yeye akawa anaikanda ile gundi kwa kidole, hajibu. Na mtu asiyejibu anamtia wazimu mwenye hasira. Ndipo nikasema, "Hujazaa wewe. Ungezaa ungejua tofauti ya mtoto na takataka."

Nilisema hivyo mbele ya watu kumi na wanne. Mdogo wangu mimba zake zimetoka mara nne, na mara zote nne ni mimi niliyemwosha.

Aliweka njiti mezani taratibu. "Mwanao anakuja Ijumaa," akasema. "Msubiri." Kisha akawageukia wanafunzi, akaendelea na somo, sauti imekauka. Mimi nikachukua kopo zima la shanga za kahawia, nikaondoka nalo. Wala sikuona haya. Haya ilikuja baadaye, na ilipokuja haikubisha hodi.

Jumatatu hiyo hiyo mchana niliziloweka kwenye beseni. Gundi ya unga inakubali maji ya moto, ila vanishi haikubali. Nikazikwangua kwa wembe moja moja, nikazifungua kwa sindano. Jumanne hivyo. Jumatano hivyo. Wateja waliokuja niliwajibu kupitia dirishani. Kufikia Jumatano jioni nilikuwa na vipande sitini na kimoja vimetandazwa juu ya meza, vyembamba kama mikia ya panya, na nilikuwa najaribu kuviunganisha kwa kufuata mstari wa kalamu: huu ni ukingo wa kwapa, hii ni sehemu ya marinda. Nilipata bega. Nusu ya kiuno. Herufi nyekundu nilizipata tatu, K na O na B, M na O ya mwisho hazikuwepo, ziko shingoni mwa mtu mwingine labda. Mgongo wenyewe, pale panapopinda, sikuupata hata kidogo.

Alhamisi nilijaribu kukata gazeti kwa kukumbuka. Nilifumba macho nikanyoosha mikono hewani, nikijaribu kukumbuka kigoda, ukuta, yule mtoto. Mikono ilinipa mtoto wa miaka kumi na mitano. Nilikata karatasi tatu, nikazichana zote. Kitambaa cha bluu sikukigusa. Na kila nilipoinua mkasi nilikuwa namsema mdogo wangu kwa sauti, peke yangu, mpaka jirani akauliza ukutani kama nina mgeni.

Ijumaa binti yangu aliingia saa sita mchana, begi begani, amekata nywele. Nilimkumbatia, nikampa maji, nikamwacha ayanywe, kisha nikamwaga yote ya moyoni. Nilimwonyesha vipande. Nilimwambia mama yake mdogo ni mwizi, kaiba, kakata, kauza, na sasa nina jambo baya la kumwomba, na halitokani na mimi, linatokana na huyo. Nikamwonyesha kigoda.

Hakukiangalia. Aliokota kipande kimoja mezani, akakisokota kwenye kidole, kikajiviringisha vizuri kabisa, akakibandua, akakisokota tena.

"Mama mdogo hakuitoa," akasema. "Niliitoa mimi."

"Wewe?"

"Likizo iliyopita. Uliniacha nikulindie chumba, ulienda kununua uzi. Niliishusha nikaitia kwenye gunia lake. Alipoiona akataka kuirudisha. Nikamwambia akiirudisha nitaichoma. Akasema basi kama ni lazima, isichomwe, ikatwe. Tuliikata pamoja. Shanga nimesokota mwenyewe siku nne."

Nikakumbuka likizo ile. Kila siku mchana alikwenda ukumbini, na mimi nilifurahi, nikasema afadhali ametoka chumbani.

"Na akakaa kimya nimtukane."

"Nilimwomba asikwambie. Nilitaka kukwambia mwenyewe, tena ana kwa ana. Juzi alinipigia simu." Akakiweka kile kipande mezani. "Ameniambia ulichomwambia, mama."

Ningekuwa mtu mzuri hapo ningetulia. Sikutulia. Nilihisi wamenichezea wawili, na mimi nimekaa siku tatu nakwangua vanishi kwa wembe mpaka vidole vimechanika. Nikapiga meza, vipande vikaruka.

"Kwa nini? Siku tatu nilikutengenezea ile karatasi. Unajua ni mafundi wangapi wangeweza? Nilikukosea nini mimi?"

"Soma ukuta."

"Nisome nini?"

"Soma ukuta wako, mama. Kwa sauti."

Nikageuka. Magazeti yalikuwa yananing'inia kama kawaida, mekundu kwa herufi. Sikuyasoma kwa sauti.

"Mtoto wa Tumbo Mbele alikuja kuchukua gauni la mama yake," akasema. "Nilikuwa kidato cha pili. Akaona yangu. Kesho yake darasa zima. Mwaka uliofuata shule nzima, na walimu. Ukimtuma mtu dukani kwa ajili yangu muuzaji anauliza, ya Kombo? Sina jina hapa mtaani. Lilibaki kwenye vyeti tu."

"Lile ni neno la kazi. Ni alama. Ungeniambia ningeifuta."

"Nilikwambia."

Nikataka kubisha. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu ikanijia, siku moja jioni, nashona sare za kwaya za haraka, yeye amesimama mlangoni na begi la shule, na mimi nimejaza pini mdomoni. Nilimjibu kwa pembe ya mdomo, bila kuinua macho: ni jina la kazi hilo, lisikukere. Nikaendelea kushona. Na Jumatatu ya wiki hii hii mwalimu mkuu aliniuliza Kombo anakuja lini, nikamjibu Ijumaa, kana kwamba ndilo jina nililompa mwanangu siku niliyomzaa.

Binti yangu akafungua begi, akatoa gauni, akalitandika juu ya kile kitambaa changu cha bluu. Lilikuwa la njano. Njano ya wazi, isiyojificha popote. Halikuwa na marinda begani. Mgongoni kulikuwa na mshono mmoja unaoshuka na kupinda, unaufuata mwili wake unakokwenda, bila kuficha.

Jicho la fundi halina adabu. Hata kwa hasira zile nililipindua, nikakagua ndani. Mishono imefungwa. Pindo limepigwa kwa mkono. Upande wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole vitano, sio vitatu. Vitano. Ndio kusema kwa miaka sijui mingapi magauni yangu yalikuwa yanambana, na hakusema.

"Magauni yangu ulikuwa unayafanyaje?"

"Nafumua kwapani. Navaa sweta juu."

"Nani kakushonea hili?"

"Fundi mmoja, karibu na chuo. Mwanaume, mzee kidogo."

"Akakupima."

"Akanipima."

"Ukakubali."

"Ilikuwa dakika kumi, mama. Alinipima nikiwa nimevaa nguo yangu. Akaniambia nisimame nitakavyo."

Hilo nalo liliniuma, nisiseme uongo. Miaka minane sijamgusa mwanangu ili nisimwumize, na mtu baki kamzungushia futi kwa dakika kumi, wakamalizana. Nilimchukia yule fundi. Nilitamani nikute uzi mmoja umelegea.

"Mgongo wote utaonekana," nikasema. "Wakubwa wamekaa pale nyuma."

"Watauona."

"Na karatasi? Amekata karatasi?"

"Amekata. Ameitundika."

"Ameandika nini juu yake?"

Akanitazama kwanza, kuona kama nauliza kwa ubaya.

"Jina langu," akasema.

Nilikaa kwenye kigoda. Hasira zilikuwa bado zimejaa kifuani, ila hapakuwa tena na mtu wa kumtupia. Mdogo wangu nitamfuata kesho alfajiri kabla hatujaondoka, na wale kumi na wanne nitawakusanya mmoja mmoja kama itabidi, maana tusi la mbele za watu haliombewi radhi chumbani. Hilo nilijua namna ya kulifanya. Hili lingine sikujua.

Yeye alikwisha kuchomeka pasi. Alivua blauzi ili asitoe jasho, akabaki na gaguro, akanipa mgongo, akaanza kupiga pasi gauni lake la njano. Tangu ana miaka kumi na mitano sijauona mgongo ule. Ulikuwa mpana kuliko nilivyokuwa nakumbuka, wa mwanamke mzima, na ulikuwa umekwenda mahali ambapo karatasi yangu haikuwahi kufika.

Nikamwita kwa jina lake. Lilitoka kwa shida, kama jina la mtu ambaye tumetambulishwa asubuhi ile.

"Abee, mama," akaitika, bila kugeuka.

"Punguza moto. Kitambaa hicho kinaungua upesi."

"Nimeshapunguza," akasema.